Jiko la kopo, kutoka Lushoto hadi Mtae

Msomaji mmoja wa Tanga ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi na rafiki yangu tunataka kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae mwezi wa nane. Ni siku tatu, na usiku mara mbili tutalala kwenye hema. Tulipanga kununua jiko dogo la gesi la kukunja, lakini vimtungi vyake vya kuskrubu tumevitafuta mjini hatukuviona. Rafiki yangu ameona video ya jiko la spiriti linalotengenezwa kwa kopo la soda. Je, kweli linapika? Tununue spiriti gani na tubebe kiasi gani? Na mvua ikinyesha, tunaweza kupikia ndani ya hema?"

Marahaba, kijana. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kuua mtu. Ndani ya hema msipike. Hema la nailoni likishika moto huyeyuka na kuwadondokea mkiwa bado mnatafuta zipu. Hata lisiposhika moto, jiko lolote linalowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta huishia kusinzia tu. Mvua ikinyesha ombeni baraza la duka au la shule, Wasambaa ni watu wakarimu. Pakikosekana baraza, kuleni mkate na karanga mlale. Mtu hafi kwa kukosa chai usiku mmoja.

Sasa jiko lenyewe. Ndiyo, linapika, ila mfahamu limezaliwa kupika nini. Jiko la spiriti limezaliwa kuchemsha maji. Nusu lita ya maji kwenye sufuria yenye mfuniko, pasipo upepo, itachemka kwa dakika saba hadi tisa ikila mililita 15 hadi 20 za spiriti nzuri. Kwa kazi hiyo utapata chai, kahawa, tambi za haraka, na uji ukiwa na subira ya kukoroga. Ugali sahauni: ule mwiko wa kusonga utaliangusha jiko kabla unga haujashika, na moto wa spiriti ni majimaji, ukimwagika unatembea. Makande ndiyo kabisa. Tena mkiwa Usambara, makande ya nini kuyapika wenyewe? Njia yenu inapita kwenye vijiji, na kwa mama lishe mtayakuta yameshaiva tangu asubuhi.

Watu wengi hukosea hapa: hukesha wakisaka kopo la ajabu, lenye matundu mengi na ndimi za moto zinazopendeza kwenye video. Kopo ni jambo dogo. Kinachoamua kama maji yatachemka ni ubora wa spiriti, kinga ya upepo na sufuria. Nimeshaona jiko zuri la dukani likishindwa kuchemsha kikombe kimoja ukingoni mwa jabali lenye upepo, na kopo la samaki lililotobolewa na mtoto likaivisha chai ya watu watatu nyuma ya ukuta.

Tuanze na spiriti, kwa sababu madukani kuna chupa nyingi zinazoitwa spiriti na hazifanani. Mnayoitaka ni ethanoli yenye maji kidogo kabisa, asilimia 90 kwenda juu. Mara nyingi ni ile spiriti ya viwandani inayouzwa maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi, ambayo mafundi seremala huyeyushia vanishi. Hutiwa rangi na vitu vichungu ili isinyweke. Ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, nyingi ni asilimia 70. Itawaka, lakini unalipia maji: utahitaji karibu mara moja na nusu ya kiasi, na mwishoni jiko litaanza kutema matone ya maji na kuzima likiwa na ujiuji chini. Chupa ikiandikwa aisopropili, moto wake ni wa manjano na utaipaka sufuria yako masizi kama ya jiko la kuni. Kitakasa mikono cha jeli kiacheni kiwe cha mikono. Konyagi, kabla hamjaniuliza, ni asilimia 35 na haitoshi. Kileo kinahitaji kufika karibu nusu kwa nusu ndipo kiwake chenyewe bila kubembelezwa, na hata hapo ni ubadhirifu.

Kama hujui ulichouziwa, kuna kipimo cha dakika mbili. Nje ya nyumba, weka kijiko kimoja cha chai cha spiriti kwenye kisahani cha bati, washa, ngoja izime yenyewe. Kisahani kikibaki kikavu au na unyevu kidogo tu, umepata. Kikibaki na kidimbwi, umenunua maji yenye harufu ya hospitali. Mimi hufanya hivi kila ninapobadilisha duka, na nimewahi kurudi dukani na kisahani mkononi.

Jihadharini na methanoli. Inawaka vizuri, tena moto wake ni safi, ndiyo maana kwingine huuzwa kwa ajili ya majiko. Lakini ni sumu, na inapita hata kwenye ngozi. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki inayoharibu mshipa wa jicho, na kiasi kidogo tu humwacha mtu kipofu. Mei 2014 jirani zetu Kenya walizika makumi ya watu waliokunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Hata ile spiriti ya duka la rangi huwa na methanoli kidogo ndani yake. Kwa hiyo msiibebe kamwe kwenye chupa inayofanana na ya maji ya kunywa. Tafuteni chupa ya umbo jingine kabisa, chupa ya shampuu kwa mfano, ioshwe na kukaushwa, ifungwe utepe mwekundu, na ikae mfuko wa nje wa shanta mbali na chakula. Gizani mtu anapapasa kwa mkono, hasomi lebo.

Na petroli? Petroli hapana. Ukiitia petroli kwenye jiko la kopo umetengeneza bomu dogo. Mafuta ya taa nayo hayafai humo, yanataka utambi kama wa jiko la mchina.

Kuhusu kiasi, tupige hesabu pamoja. Usiku wa kwanza lita moja na nusu kwa wote wawili, tambi na chai. Asubuhi lita moja. Usiku wa pili na asubuhi ya tatu vilevile. Jumla ni lita tano, yaani nusu lita mara kumi. Kwa mililita 20 kila mara ni mililita 200. Ongezeni nusu yake kwa ajili ya upepo, maji ya baridi ya alfajiri na lile jiko litakaloangushwa, maana lazima mmoja wenu ataliangusha. Mililita 300, ambazo kwenye mizani ni gramu 240 hivi kwa sababu spiriti ni nyepesi kuliko maji. Hapo mnaanza kuona kwa nini watembeaji wanaipenda: jiko gramu 15, mafuta gramu 240, na kila mkipika mzigo unapungua. Gesi ina kopo lake la chuma ambalo utalibeba hadi nyumbani hata likiwa tupu.

Lakini isiwe kama naipigia debe. Kilo moja ya ethanoli ina nishati ya megajuli 27 hivi, mafuta ya taa yana 43, gesi ina 45 na zaidi. Kwa watu wawili na siku tatu, uzito wa gesi na wa spiriti unakaribia kulingana na spiriti inashinda kwa kupatikana kirahisi. Mngekuwa wanne, au safari ingekuwa ya wiki nzima, ningewaambia mvitafute hivyo vimtungi kwenye maduka ya kukodisha vifaa vya mlima Moshi au Arusha. Na mngekuwa mnakwenda kulala kibanda cha Kibo kule Kilimanjaro, kwenye mita 4,720, ambako maji yanachemka yakiwa nyuzi 85 tu na baridi inaifanya spiriti isitoe mvuke wa kutosha kushika moto, nisingewapa kopo hata kidogo. Usambara siyo huko. Lushoto ni kama mita 1,400, na hata mkipita juu, msitu wa Magamba unaishia kwenye mita 2,300 hivi. Maji yatachemka kwenye nyuzi 92 au 93, na tambi hazitajua tofauti. Asubuhi ya Agosti kunakuwa na baridi ya kuuma, basi kibiriti kikikataa, iweke chupa ya spiriti ndani ya koti dakika kumi kabla ya kupika. Hilo tu.

Video ya rafiki yako nadhani ni ya lile jiko la kuta mbili, linalokatwa vitako viwili vya makopo ya soda na kuvichomeka kimoja ndani ya kingine, kisha kutobolewa vitundu vya sindano ukingoni. Linafanya kazi na ni zuri kulitazama, ila ukingo wa kopo la soda ni wembe, na anayelitengeneza mara ya kwanza huwa analiharibu mara tatu. Kwa safari ya kwanza nawashauri la kopo la samaki au la chakula cha paka, lile fupi la aluminiamu, lisilozidi urefu wa vidole vitatu. Osheni mtoe mafuta yote. Chukueni panchi ya karatasi ya ofisini, mtoboe mstari wa matundu kuzunguka ubavu, chini kidogo ya mdomo. Chini ya mstari huo tobolea mwingine, matundu yakipishana na ya juu. Basi, jiko limekwisha. Kama kopo ni la chuma, kama yale ya nyanya, panchi haitaweza. Litieni mchanga wenye maji mlishindilie lisibonyee, mtoboe kwa msumari.

Kulitumia kuna hatua moja ambayo video nyingi huiruka. Tia spiriti, washa, kisha ngoja. Usiweke sufuria mara moja. Kwa nusu dakika moto utakuwa mdogo na mvivu, wa buluu, unacheza juu ya spiriti tu. Halafu spiriti inapata moto, mvuke unaongezeka, na utaona moto unanyanyuka na kujaa mdomo wa kopo. Hapo ndipo unaiweka sufuria juu ya kopo lenyewe, taratibu, katikati. Mdomo ukizibwa, moto hauna pa kutokea ila matundu ya ubavuni, nao utatoka pande zote kama ua. Ukiharakisha, utauzima. Sufuria iwe pana, kitako cha sentimita 13 au zaidi, la sivyo moto unapanda pembeni na kuwapikia ndege.

Mwenye fedha, au mwenye rafiki Ulaya, anaweza kupata jiko la Trangia. Ni la Wasweden wa Trångsviken, kampuni iliyoanza mwaka 1925, na jiko lao la dhoruba lilitoka 1951. Kichomeo chake ni cha shaba nyeupe, gramu 110 hivi, kizito kuliko kopo letu mara saba. Faida yake ni mbili: kina kifuniko cha kuskrubu chenye mpira, kwa hiyo spiriti iliyobaki unaifungia humohumo kikipoa, na kina kibati cha kupunguzia moto, kwa hiyo unaweza kupika wali. Watengenezaji wenyewe hushauri kutia maji kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, ili masizi yapungue. Ndiyo, nimetoka kuwaambia mkimbie maji. Asilimia kumi za kukusudia si sawa na thelathini za kuuziwa.

Kinga ya upepo ndiyo itakayowaokoa kuliko kitu kingine. Nunueni trei ya foili ya kuokea, ile nene ya kutupa, kisha kateni utepe wa kuzunguka sufuria ukiacha nafasi ya upana wa kidole. Chini toboeni matundu machache upande usio na upepo, moto unataka kupumua. Sufuria zetu za sokoni zina ule ukingo mpana uliotandazwa, kwa hiyo kateni kinga iwe fupi kidogo ikae chini ya ukingo, vinginevyo itasukumwa kila mnapoinua sufuria. Mfuniko lazima. Na msijezoea kuzungushia kinga ya namna hii jiko la gesi ambalo mtungi wake uko chini ya moto. Mtungi ukipata joto la kurudi unaweza kulipuka.

Tambi hazihitaji kuchemka muda wote. Maji yakitokota, tia tambi, funika, epua, ifunge sufuria ndani ya sweta au taulo, subirini dakika kumi. Joto lililomo linamalizia kazi na mmeokoa mililita kumi za spiriti. Mama zetu waliivisha wali kwenye kikapu chenye matambara kwa akili hiyohiyo.

Sasa nikueleze jambo ambalo ningeanza nalo kama usingeniuliza habari za hema. Moto wa spiriti mchana hauonekani. Sisemi hauonekani vizuri. Juani hauonekani kabisa.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa chini ya Meru na mwenzangu, saa sita mchana, jua la utosi. Chai ilikuwa karibu kuchemka, sauti ya maji ikapungua, nikainua sufuria nikatazama kwenye jiko: hakuna kitu, kopo limekaa kimya. Nikachukua chupa ya lita moja na nusu, iliyobaki robo, nikamiminia. Nilisikia mlio kama wa mtu anayetikisa kanga mbichi, na mkondo wa spiriti ukawa moto kutoka kopo hadi mdomo wa chupa. Nikaitupa chupa. Kuitupa ndiko kulikoharibu zaidi, maana ilikwenda ikitema moto kwenye majani makavu, na sote wawili tukawa tunapigapiga kwa koti na blanketi kitu ambacho hatukioni, tunaona majani yanajikunja tu na kuwa meusi. Nilipoteza nyusi, na ngozi ya dole gumba la kushoto mpaka leo inang'aa. Mwenzangu aliunguliwa suruali. Lawama yote ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, nanyi fanyeni hivyohivyo. Jiko likionekana limezima, dondosheni jani kavu juu yake. Likishika, mmejibiwa. Lisiposhika, funikeni kopo kwa kikombe cha bati, hesabuni dakika tano, guseni ubavu kwa kidole. Likiwa la baridi, ndipo mnaongeza. Na msimimine kutoka chupa kubwa. Nunueni bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano, mvute kiasi cha mapishi mamoja, mfunge chupa, muiweke hatua tano mbali, ndipo mrudi kuwasha. Hivyo hata mkikosea, kitakachowaka ni mililita 20. Kuzima msipulize, funikeni. Maji msiyamwage kwa pupa, yanaweza kuibeba spiriti inayowaka ikasambaa. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Mahali pa kupikia, fagieni majani mpaka muone udongo, au mtafute jiwe bapa. Agosti ni kiangazi, na upande wa Shume mtapita kwenye mashamba ya misindano ambako sakafu nzima ni sindano kavu za miti zenye utomvu. Pale msipike kabisa. Ule moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliounguza maelfu ya hekta, taarifa za awali zilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Nao walikuwa watu wa mlima, kazi yao ya kila siku. Mkifika kwa maofisa wa misitu pale Magamba waulizeni panaporuhusiwa kupiga hema na kuwasha jiko, waonyesheni na kopo lenyewe.

Wiki moja kabla ya safari, pikeni nyumbani, uani. Nusu lita ya maji, mfuniko, kinga, mililita 15. Yasipochemka, mara ya pili tieni 20. Mara ya tatu washeni feni ipulize kwa mbali, maana Mtae ipo ukingoni kabisa mwa mlima na upepo unapanda kutoka tambarare ya Mkomazi bila kizuizi. Namba mtakazopata ziandikeni kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa chupa ya spiriti. Saa kumi na mbili asubuhi, vidole vimekufa ganzi na kila mmoja anasubiri mwenzake atoke kwanza kwenye blanketi, hamtazikumbuka.